Pieter-Dirk Uys: mwanaume aliyevaa gauni akawasema Makaburu mbele ya macho yao (uzi mrefu)

#1 – mleta mada

Wakuu salaam. Huu uzi nimeukalia muda mrefu. Kila nikitaka kuuandika naona sijajipanga, leo nimeamua liwalo na liwe. Ni mrefu, nitaushusha vipande vipande, kwa hiyo mwenye swali aulize katikati, nitajibu.

Nianze na jukwaa lenyewe. Hakuna pazia la kifahari wala bendi. Kuna mwanaume mmoja wa Kizungu kavaa nguo nyeusi za kawaida, na pembeni yake masanduku ya karatasi. Anaongea na watu kama jirani aliyepita kusalimia. Halafu anageuka, anawapa mgongo, mkono unaingia kwenye sanduku. Akigeuka tena ana kofia na miwani, kidole cha shahada kiko juu kinatikisika, ulimi unapita juu ya midomo taratibu. Ukumbi mzima unalipuka. Hajatamka neno hata moja, lakini kila mtu keshajua aliyesimama pale ni P.W. Botha, yule waliyemwita Mamba Mkuu, mtawala wa Afrika Kusini ambaye kidole chake kile kilikuwa kinaonekana kwenye televisheni kikiwatishia watu.

Sekunde tano tu. Kofia, miwani, kidole, ulimi. Mimi nimeitazama hiyo sehemu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu, na kila mara nasimamisha video pale pale anapogeuka. Mgongo ni wa mtu mmoja, uso ni wa mwingine.

Huyo ndiye Pieter-Dirk Uys. Lakini Botha alikuwa mgeni mwalikwa tu. Mwenye nyumba ni mwanamke mmoja anaitwa Evita Bezuidenhout, na huyo ndiye aliyenifanya niandike.

#2 – mpitanjia

Nimeweka kiti. Shusha mkuu.

#3 – mleta mada

Tuendelee.

Uys alizaliwa Cape Town tarehe 28 Septemba 1945, akakulia kitongoji cha Pinelands. Baba yake, Hannes Uys, alikuwa Kaburu wa damu, mtu wa kanisa la Kikalvini, na mtu wa muziki. Mama yake, Helga Bassel, alikuwa mpiga piano kutoka Berlin. Nyumba ya wapiga piano wawili, na dada mtu, Tessa, naye akawa mpiga piano wa kimataifa. Kijana wa watu akaishia kwenye maneno.

Hapo kwa mama naomba msome polepole. Helga alikuwa Myahudi. Manazi walipoingia madarakani walimfukuza kwenye chama cha wanamuziki cha dola yao, na mwanamuziki asiye mwanachama hakuruhusiwa kufanya kazi. Akaondoka Ujerumani, akafika Cape Town, na piano yake kubwa ikaja naye. Akaolewa, akazaa, akalea watoto wake ndani ya jamii ya Kikaburu, na hilo jambo hakuwaambia. Mwaka 1969 alijiua. Mwanawe alikuwa na miaka 23. Ni baada ya kumzika ndipo akaja kujua kwamba mama alikuwa Myahudi, na kwamba alichokikimbia kule Ulaya kilikuwa kinafanana sana na sheria walizokuwa wanaishi chini yake pale Afrika Kusini, sheria za kumpima binadamu kwa damu na kumwandikia kundi lake kwenye karatasi.

Mimi naamini huwezi kumwelewa Evita bila kumjua Helga. Mwanamke wa Kizungu aliyejipamba vizuri, anayetabasamu, anayejua kupokea wageni, na nyuma ya lile tabasamu kuna jambo halisemwi. Hilo ni wazo langu mimi, Uys sijamsikia akilisema hivyo.

Alisoma Chuo Kikuu cha Cape Town, halafu akaenda London kusomea filamu. Aliporudi miaka ya 1970 akaanza kuandika tamthilia na kufanya kazi na The Space, ukumbi mdogo wa Cape Town uliofunguliwa mwaka 1972, ambako watu wa rangi zote walipanda jukwaa moja wakati sheria inasema wasichanganyike. Michezo yake kadhaa ikakatwa na bodi ya udhibiti. Unaandika, unafanya mazoezi wiki kadhaa, inakuja barua: marufuku. Mwandishi anayezibwa mdomo namna hiyo ama anahama nchi, ama ananyamaza, ama anatafuta mlango mwingine.

Mlango ukapatikana gazetini. Mwaka 1978 nchi ilitikiswa na kashfa ya Wizara ya Habari. Fedha za umma zilichotwa kwa siri kwenda kununua propaganda, hadi kuanzisha gazeti zima la Kiingereza la kuitetea serikali. Waziri Mkuu John Vorster akaachia kiti mwaka huo huo. Uys alikuwa na safu kwenye Sunday Express, na kulikuwa na mambo ambayo mwandishi akiyaandika waziwazi anajitafutia kesi. Akayaweka mdomoni mwa mama mmoja wa sherehe za wakubwa wa Pretoria, mke wa mbunge wa chama tawala, anayepiga umbea huku ameshika glasi. Wasomaji wakampenda. Akaja kuitwa Evita wa Pretoria, kwa kumfananisha na Eva Perón, yule mke wa rais wa Argentina aliyejulikana kama Evita.

Mwaka 1981 akapanda jukwaani kwa mara ya kwanza, mwenye sauti, wigi na viatu vya kisigino. Onyesho likaitwa *Adapt or Dye*. Jina hilo lina fumbo. Botha mwaka 1979 aliwaambia Wazungu wenzake kwamba lazima wabadilike au wafe. Kwa Kiingereza neno la kufa na neno la kutia rangi yanatamkwa sawasawa. Uys akabadilisha herufi moja tu, ikawa "badilikeni au mjipake rangi". Katika nchi ambayo kila kitu kilikuwa kinaamuliwa na rangi! Herufi moja tu.

#4 – Kalamu Nyeusi

Mkuu nina swali la msingi. Steve Biko alifia mikononi mwa polisi 1977. Watu walifungwa kwa kuwa na kitabu tu. Huyu anamwigiza Botha hadharani, anamvalia gauni, halafu anarudi nyumbani kulala. Aliwezaje?

#5 – mleta mada

Swali zuri, na sitaki kulizunguka.

Sababu ya kwanza ndiyo unayoifikiria: alikuwa Mzungu, tena mwenye jina la Kikaburu. Msanii mweusi angesema nusu ya yale asingefika nyumbani. Huo ndio ukweli, na yeyote anayesimulia habari za Uys akiuruka anamdhulumu msikilizaji.

Sababu ya pili ni ufundi. Evita hakuwahi kuitukana serikali. Aliisifia! Alikuwa mfuasi mtiifu wa chama. Alirudia maneno ya mawaziri yale yale, kwa sauti tamu ya mama mwenye nyumba, na maneno yakajivua nguo yenyewe. Uys amezoea kusema kwamba serikali ndiyo iliyomwandikia michezo yake, yeye anadaiwa malipo ya uandishi. Sasa mdhibiti unakata nini hapo? Ukipiga marufuku maneno ya Evita umepiga marufuku hotuba ya waziri wako.

Tazama cheo alichompa. Evita alikuwa balozi wa Afrika Kusini katika Jamhuri ya Bapetikosweti. Nchi hiyo haipo. Lakini Transkei ilikuwepo, ikatangaziwa "uhuru" 1976. Bophuthatswana 1977. Venda 1979. Ciskei 1981, mwaka ule ule Evita anapanda jukwaani. Makaburu walikuwa wanakata vipande vya ardhi, wanavipa bendera na rais, halafu mamilioni ya watu weusi wanaambiwa ninyi si raia wa Afrika Kusini tena, kwenu ni kule. Hakuna taifa jingine duniani lililovitambua. Kwa hiyo balozi wa uongo katika nchi ya uongo alikuwa anafanya kazi ile ile waliyokuwa wanaifanya mabalozi wa kweli.

Akampa na familia. Mume, Hasie, mbunge. Watoto watatu. Binti akazaa na kijana mweusi, na Evita akajikuta bibi wa wajukuu machotara katika nchi ambayo hadi 1985 ilikuwa na sheria za kukataza ndoa na mapenzi baina ya rangi. Kila kilichokuwa kinatokea nchini kilikuwa kinatokea sebuleni kwake.

#6 – bintimkuu

Samahani mleta mada, mimi hapa nakwama. Wanaume wanaovaa nguo za kike jukwaani wengi wanachokifanya ni kutudhihaki wanawake. Sauti nyembamba, makalio ya mito, watu wanacheka. Huyu ana tofauti gani?

#7 – mleta mada

Dada, nashukuru umeuliza, maana hata mimi nilianza na wasiwasi huo huo.

Angalia mikono yake. Mchekeshaji wa kawaida akivaa gauni anataka kila dakika ukumbuke kwamba ni mwanaume, ndipo kicheko kilipo. Anajikwaa kwenye kisigino, wigi linakaa upande, sauti inaporomoka ghafla kuwa nzito. Uys akiwa Evita hafanyi hata kimoja. Wigi limetulia. Kucha zimepakwa vizuri. Lulu ziko shingoni mahali pake. Akikaa, magoti yanakutana na mkono unaulaza upindo wa gauni bila yeye kuutazama, kama mtu aliyelifanya jambo hilo miaka hamsini. Sauti haipandishi juu, anaitunza palepale katikati, ya mama aliyezoea kusikilizwa. Baada ya dakika mbili tatu unasahau. Unamsikiliza *yeye*.

Na ndipo anapokupiga. Kwa sababu umeshamwamini, anaposema jambo la kikatili kwa upole wote ule, unaligundua likiwa tayari limeshaingia.

Barry Humphries wa Australia na Dame Edna wake, aliyeanza kuonekana Melbourne mwaka 1955, alimtangulia na alimfungulia njia. Lakini Edna anawashambulia watazamaji na kujikweza. Evita anawakaribisha. Kwangu mimi Evita ni mgumu zaidi kumwigiza, kwa sababu mpole ni mgumu kuliko mkali.

Uys mwenyewe ni shoga na hajawahi kuficha. Aliishi hivyo chini ya utawala uliomhesabu mhalifu, akaja kuiona nchi hiyo hiyo ikiandika katiba ya 1996 inayokataza kumbagua mtu kwa sababu hiyo, ya kwanza duniani kulitaja waziwazi.

#8 – Kalamu Nyeusi

Nakubali kwa Evita. Lakini nasikia alikuwa anawaigiza hata Askofu Tutu na Winnie Mandela. Mzungu kumwigiza Winnie wakati Winnie anasumbuliwa na polisi… hapo hapana.

#9 – mleta mada

Ni kweli, aliwaigiza wote wawili. Hapo mkuu mimi nakubaliana nawe nusu. Tutu mwenyewe alikuwa mtu wa kucheka, na walikuja kuwa marafiki. Na Uys alikuwa na msimamo kwamba asiyetajwa kabisa jukwaani amefutwa, na kwamba watazamaji wake Wazungu walihitaji kuisikia sauti ambayo televisheni yao iliizima. Hiyo hoja ina uzito.

Lakini kuna tofauti kati ya kumwigiza anayekutawala na kumwigiza anayetawaliwa. Kidole cha Botha kilikuwa na jeshi nyuma yake. Winnie alikuwa na nini wakati ule? Wafuasi, na nyumba iliyowahi kuchomwa moto. Ningekuwa mimi ningeacha. Sitaki kumfanya Uys malaika, uzi huu nauandika kwa kuwa nampenda na kwa hiyo nataka awe mtu.

Niendelee, maana watu wengi humalizia hadithi yake hapo kwenye ubaguzi, wakati kwangu sehemu nzito ndiyo inaanza.

Mwaka 1994 uchaguzi ukafanyika, Mandela akawa rais, Makaburu wakatoka. Mchekeshaji aliyeishi kwa kuwasema Makaburu angekosa kazi. Evita akapata kipindi cha televisheni, *Funigalore*, akawa anawahoji viongozi wa nchi mpya. Mandela mwenyewe alikaa naye. Mtafuteni. Mzee aliyetoka jela miaka 27 anakaa kwenye kiti, anamjibu kwa adabu zote mwanamke ambaye wote wawili wanajua hayupo. Hakuna anayevunja mchezo. Mandela anamtazama usoni kama anavyomtazama balozi yeyote. Kiongozi ambaye yuko tayari kuonekana hivyo mbele ya wananchi wake, nani kati ya waliomtangulia angethubutu?

Miaka ile ile Uys alihamia Darling, mji mdogo wa mashamba na maua ya porini kaskazini mwa Cape Town. Mwaka 1996 akaigeuza stesheni ya zamani ya reli kuwa ukumbi wake. Akaiita Evita se Perron. Kwa Kiafrikana *perron* ni pale abiria wanaposimama kusubiri treni, na ukilitamka unasikia Perón. Mtu huyu akikutana na neno lazima alipindue.

Mwaka 1999, uchaguzi wa pili, Evita akapanda basi na kuzunguka nchi akiwahimiza watu wakapige kura. Mwaka 2000, huko San Diego, Marekani, Evita akapewa tuzo ya Living Legacy, ambayo hutolewa na kituo cha wanawake. Mwanamke asiyekuwepo, amezaliwa kwenye safu ya gazeti, anapokea tuzo.

#10 – Msomaji Mkimya

Mimi huwa sichangii, nasoma tu. Ila nilifanya kazi kwenye kliniki miaka ile ya UKIMWI, na nimesikia huyu mtu alikwenda mashuleni. Hebu ligusie.

#11 – mleta mada

Nilikuwa naelekea huko, na ahsante kwa kujitokeza.

Mkumbuke hali ilivyokuwa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Rais Thabo Mbeki alikuwa anahoji hadharani kama kweli VVU ndivyo vinavyosababisha UKIMWI. Waziri wake wa afya, Manto Tshabalala-Msimang, akawa anasifia vitunguu saumu na viazisukari vyekundu wakati watu wanakufa kwa kukosa dawa. Ilibidi mwaka 2002 Mahakama ya Katiba iiamuru serikali itoe nevirapine kwa akina mama wajawazito ili wasiwaambukize watoto. Serikali ya ukombozi, si ya Makaburu.

Uys angeweza kunyamaza. Alikuwa na miaka 55 na zaidi, jina lipo, ukumbi upo, na kumsema Mbeki kulikuwa kunakuletea jibu la "wewe Mzungu nyamaza". Akaandika onyesho la *Foreign Aids*. Pia akapakia vifaa vyake kwenye gari akaanza kuzunguka shule, moja baada ya nyingine, za mjini na za vijijini, bila kuwatoza. Wanafunzi mamia wamekaa chini kwenye ukumbi wa shule, walimu wamepanga mikono kifuani kwa wasiwasi, anaingia mzee wa Kizungu. Anaanza na Botha, ili waone jinsi hofu ya zamani ilivyochekwa ikapungua. Kisha anasema: sasa kuna hofu nyingine. Anatoa kondomu. Anawaonyesha inavyovaliwa, kwa kifaa cha mfano, anataja kila kiungo kwa jina lake. Watoto wanacheka hadi machozi, na katikati ya kicheko wanauliza maswali ambayo nyumbani hayaulizwi.

Hapo ndipo niliona kwamba alikuwa anafanya kazi moja maisha yake yote. Botha, virusi, aibu ya kutaja viungo, siri ya mama yake. Anachukua kitu ambacho watu wanakiogopa hadi hawakitaji, anakivalisha wigi, anakileta katikati ya chumba ili watu wakitazame.

#12 – Msomaji Mkimya

Ni hivyo hivyo. Sisi tulikuwa tunanong'ona. Mgonjwa ananong'ona, muuguzi ananong'ona. Ahsante.

#13 – bintimkuu

Nimerudi. Nimetazama vipande viwili vya Evita jana usiku, na ile ya mkono kwenye upindo wa gauni nimeiona. Ni shangazi yangu kabisa. Nimekuelewa. Na siku hizi yuko wapi?

#14 – mleta mada

Dada nimefurahi sana.

Uzee haukumsimamisha. Ana onyesho moja ambalo masanduku yanapewa namba na watazamaji ndio wanaochagua: mtu akitaja namba, anafungua, kilichomo ndicho anachoigiza. Kwa hiyo hakuna usiku unaofanana na mwingine. Evita naye hakustaafu. Akajiunga na ANC, akatoa hadi kitabu cha mapishi, *Kossie Sikelela*, *kos* kwa Kiafrikana ni chakula, na wimbo wa Nkosi Sikelel' iAfrika mnaujua, malizieni wenyewe. Zuma naye alikipata chake. Na ile lugha ya Kiafrikana ambayo walinzi wake walimpiga marufuku akiwa kijana, baadaye ikamtunuku Tuzo ya Hertzog kwa tamthilia zake.

Halafu akafanya jambo ambalo kwa mtu aliyejificha nyuma ya wigi miaka yote hiyo lilikuwa gumu kuliko yote. Akapanda jukwaani bila wigi, bila kope, bila Evita. Kiti, taa, na yeye. Onyesho linaitwa *The Echo of a Noise*. Anamsimulia baba yake aliyegombana naye, mama yake, na mama wa kazi aliyemlea, ambaye sheria ilimwandika kundi jingine na kumpangia kuishi mahali pengine. Kama mna muda wa kutazama kitu kimoja tu, acheni Evita, tazameni hiki.

#15 – mpitanjia

Mkuu umetuacha njiani. Ile piano ya mama?

#16 – mleta mada

Piano ilibaki kwenye familia, Tessa alijifunzia hapo. Baadaye ndugu hao wawili waliirudisha Berlin, mji aliokimbia mama yao. Ipo kwenye Jumba la Makumbusho la Kiyahudi.